Jikoni: Tambi za Uyoga kwa Bizari, Chakula cha Robo Saa

Mtu wa pwani alisikiapo neno tambi hukumbuka papo hapo sukari, tui la nazi, iliki na asubuhi ya Idi. Kumbukumbu hiyo ni njema na haina kasoro. Lakini tambi zina upande wa pili usiojulikana sana, nao ni ule wa chumvi, bizari na mboga, chakula cha jioni kinachokaangwa upesi kabla makaa hayajafifia. Katika mji kama Juba, ambako nyumba nyingi humtazamia baba au mama aliye askari na ambaye saa ya kurudi kwake haijulikani, upande huo wa pili wastahili kujulikana zaidi.

Mfano wa wiki hii umechukuliwa kutoka Hai Malakal, mmoja wa mitaa ya mji huo. Neno hai katika Kiarabu maana yake ni mtaa, na Malakal ni mji ulio mbali upande wa kaskazini, ukingoni mwa Nile Nyeupe. Kiarabu cha Juba ndicho kinachosikika zaidi vibarazani, lakini Kiswahili nacho kina wenyewe: wachuuzi na madereva kutoka Uganda na Kenya, pamoja na wananchi waliorejea baada ya miaka ya ukimbizi katika nchi hizo. Sudan Kusini yenyewe iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016.

Kuhusu vyakula, mama wa nyumba wa Juba hutegemea sana barabara moja. Ni ile iendayo Nimule, mpakani mwa Uganda, yenye urefu wa kilomita zipatazo 190, ambayo lami yake ilikamilika mwaka 2012. Kwa barabara hiyo huja kabichi, karoti, vitunguu, nyanya, mafuta ya kupikia na tambi za pakiti, na vingi kati ya hivyo huishia katika soko la Konyokonyo. Barabara ikikwama kwa mvua au kwa usalama, bei hupanda, na mpishi huona dhahiri jikoni kwake jambo ambalo wengine hulisoma magazetini tu.

Mapishi yenyewe yametoka mbali zaidi. Mwishoni mwa karne ya 18 Wachina walianza kufanya makazi karibu na mji wa Calcutta, ambao sasa huitwa Kolkata, nchini India. Miongoni mwa waliowafuata walikuwamo Wahakka, mafundi wa kutengeneza ngozi, waliokaa sana katika mtaa wa Tangra. Walikuja na tambi zao na sosi ya soya. Wakakuta bizari, tangawizi, pilipili mbichi na giligilani. Ndoa ya vitu hivyo ilizaa upishi ambao leo hupatikana katika kila mji wa India, na Wahindi wenyewe huuita wa Kichina ingawa Mchina wa Uchina angeushangaa. Tambi za Kihakka zinazouzwa kando ya barabara za Kolkata ndizo mama wa chakula kinachoelezwa hapa.

Chombo chake ni karai. Wengi hulitumia kwa maandazi na sambusa bila kukumbuka kwamba jina lenyewe limetoka India, sawa na chapati na gari. Karai la chuma lenye kitako cha mviringo hushika moto vizuri na hugeuzika kwa urahisi. Asiye nalo aweza kutumia sufuria pana na nzito. Sufuria nyembamba huunguza bizari kabla mboga haijaiva.

Kabla ya kuwasha jiko, hata hivyo, hapana budi kusema habari ya uyoga, na hapa haifai kuharakisha.

Mvua za Juba huanza mnamo Aprili na kuendelea hadi Oktoba au Novemba, na uyoga hutokeza pamoja nazo. Wakazi wa sehemu za misitu za Ekwatoria wana ujuzi wa siku nyingi wa kuutafuta, hasa ule uotao kwenye vichuguu. Uyoga wa kichuguu ni ajabu ya pekee, kwa kuwa mchwa wenyewe huulima: hukusanya majani na miti mikavu, hutengeneza vitanda chini ya ardhi, na mvua ijapo kofia za uyoga huchomoza juu zikiwa na mzizi mrefu unaoshuka hadi ndani ya kiota. Ladha yake hukaribia ile ya kuku.

Matatizo hutokea mahali pengine. Familia za askari na polisi ni watu wa kuhama. Mke wa askari aliyezaliwa Yambio huamka siku moja akiwa Juba. Aliyekulia Gulu hujikuta Torit. Aliyezoea misitu ya Iringa hupewa nyumba Mtwara. Hubeba sufuria zake, mikeka yake, na pia ujuzi wake wa uyoga. Sufuria ni zile zile popote, lakini uyoga sivyo. Ule uliokuwa salama nyuma ya nyumba ya bibi yake waweza kuwa na pacha mwenye sumu nyuma ya kambi mpya, na macho hayatambui tofauti.

Jambo hilo limeua watu sehemu nyingi za dunia. Katika mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 2011, mjini Canberra nchini Australia, mpishi mmoja mwenye asili ya Uchina alitengeneza uyoga wa kukaanga na mboga, chakula kinachofanana sana na hiki cha leo. Alikuwa mpishi kwa kazi yake, si mtu wa kubahatisha. Lakini uyoga aliouchuma ulikuwa ule uitwao kofia ya mauti, ambao ukiwa mchanga hufanana na uyoga wa mabua unaoliwa sana Asia. Yeye na mwenzake mmoja walifariki hospitali siku chache baadaye, mwezi Januari 2012.

Sumu yake huitwa amatoksini. Hupatikana katika baadhi ya uyoga wa ukoo wa Amanita, na haiondoki kwa kuchemshwa, kwa kukaangwa, kwa kukaushwa juani, wala kwa kumwaga maji ya kwanza. Mlaji hahisi kitu kwa saa 6 hadi 12, pengine hata 24. Ndipo tumbo husokota, na kutapika na kuharisha hufuata kwa nguvu. Baada ya siku moja hivi mgonjwa huonekana amepata nafuu. Watu wa nyumbani hushukuru na kumrudisha kitandani, kumbe huo ndio wakati ini linapoharibika. Kwa Juba pana shida ya ziada. Mji huo umepatwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, mwaka 2014, 2015, tena 2016 hadi 2017, na mlipuko mwingine ulitangazwa nchini mwaka 2024. Mgonjwa anayetapika na kuharisha aweza kudhaniwa moja kwa moja kuwa na kipindupindu. Kwa hiyo mganga aambiwe mara moja kwamba uyoga umeliwa, saa ngapi, na nani wengine waliula. Wote waliokula waende hospitali, hata wasioumwa bado, na kipande kilichosalia kichukuliwe katika mfuko wa karatasi.

Zipo njia za mtaani zinazosifiwa kwamba hutambua uyoga mbaya. Wako wanaotumbukiza sarafu ya fedha au kijiko wakingoja kiwe cheusi. Wako wanaopika uyoga pamoja na kitunguu saumu au punje za wali, wakisema rangi itageuka. Wako wanaoamini kwamba ulioliwa na wadudu au konokono waweza kuliwa na mtu. Zote hizo ni uongo, na zimeshazika watu. Mdudu ana tumbo lake na mtu ana lake.

Utaratibu unaofaa ni ule ambao wanawake wazee wenye hekima huufuata bila kufundishwa na yeyote. Mgeni akimletea jirani mwenyeji kapu la uyoga na kumwuliza, "Shikamoo mama, huu si ndio ule wa kichuguu?" mwenyeji huugeuza mkononi, huutazama shina, kisha hujibu, "Marahaba binti yangu. Huu siujui, na nisioujua siupiki." Kapu hilo humwagwa shimoni, na watoto huamriwa kunawa mikono. Hakuna haja ya kuona haya.

Kwa mapishi haya, basi, utumike uyoga uliolimwa. Ule wa mamama, wenye kofia pana za kijivu zilizopandana, hulimwa sana Uganda, Kenya na Tanzania juu ya mabua na pumba za mbegu za pamba, na huuzwa mbichi au mkavu. Mkavu ndio unaofaa zaidi kwa joto la Juba, ambako mwezi Machi mchana hufika nyuzi 38. Ule wa kopo, wenye vichwa vidogo vya mviringo kama vifungo vya koti, nao hufaa, mradi kopo lisiwe limevimba, limebonyea penye maungio au linavuja. Kopo lililovimba lisifunguliwe hata kwa kuonja.

Vipimo vifuatavyo vyatosha watu 4 au 5. Tambi kavu gramu 300. Uyoga mbichi robo kilo, au mkavu konzi mbili kubwa, au kopo moja la gramu 400. Kitunguu maji kikubwa kimoja, karoti moja, pilipili hoho moja, kabichi robo ya kichwa kidogo. Punje 4 za kitunguu saumu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, vipondwe pamoja. Mafuta vijiko vikubwa 3. Jira, yaani bizari nyembamba, kijiko kidogo kimoja. Giligilani ya unga kiasi hicho hicho. Manjano nusu kijiko. Garam masala nusu kijiko. Sosi ya soya kijiko kikubwa kimoja, ndimu moja, pilipili mbichi kwa kadiri ya uvumilivu wa nyumba. Mayai 2 au karanga zilizokaangwa zikipatikana ni bora kabisa, kwa maana uyoga mbichi ni maji kwa sehemu tisa katika kumi, na wanaousifu kama badala ya nyama hutia chumvi. Mtoto anayekua ahitaji yai hilo.

Uyoga mkavu hulowekwa katika maji ya moto kwa dakika 20, kisha hukamuliwa. Wa kopo huoshwa ili chumvi yake itoke. Mbichi haurowekwi kamwe, maana hunywa maji kama sifongo. Hupanguswa kwa kitambaa kibichi au husuuzwa upesi, kisha huchanwa vipande kwa mkono.

Mboga zote zikatwe nyembamba na kwa urefu, na kila kitu kiwe tayari ndani ya bakuli kabla ya mafuta kuguswa. Hapa ndipo wapishi wengi hukosea: huweka karai motoni, kisha huanza kumenya kitunguu. Upishi huu haungoji mtu. Askari ataelewa haraka, kwani bunduki haisafishwi wakati wa mapambano.

Tambi huchemshwa katika maji mengi yenye chumvi kidogo, na hutolewa dakika moja kabla ya kuiva sawasawa, zikiwa bado na ugumu kidogo katikati, kwa kuwa zitarudi motoni. Humwagwa katika chungio na kutikiswa. Vitabu vingi husema zimwagiwe maji baridi. Mahali ambapo kaya nyingi hununua maji yaletwayo na malori, kama ilivyo Juba, maji hayo yawe yamechemshwa na kupozwa. Vinginevyo yaachwe, na tambi zichanganywe na kijiko kimoja cha mafuta ili zisishikane. Kosa la tambi kugandana ni dogo kuliko kosa la maji machafu.

Sasa karai. Makaa yawe yamekolea mekundu yote, bila moshi. Uyoga hutangulia peke yake, katika kijiko kimoja cha mafuta, ukiwa umetandazwa na si kurundikwa. Kwanza utatoa maji na kuanza kuchemka humo. Mpishi asiukoroge ovyo wala asitie chumvi, bali angoje maji yakauke na kingo zianze kuwa na rangi ya kahawia. Dakika 5 au 6 zitapita. Ladha yote ya chakula hiki imo katika dakika hizo, na asiyezivumilia atakula tambi zenye vipande vya mpira. Uyoga huepuliwa na kuwekwa kando.

Mafuta yaliyobaki hutiwa karaini, na jira hufuata. Ikianza kupasuka na kunukia, kitunguu maji huingia, kisha tangawizi na kitunguu saumu, vikikorogwa bila kusimama. Bizari za unga hutiwa zikiwa zimechanganywa na vijiko viwili vya maji, maana unga mkavu huungua kwa kufumba na kufumbua na kuwa mchungu. Baada ya nusu dakika huingia karoti. Baada ya dakika moja, kabichi na pilipili hoho. Mboga ibaki na mlio inapotafunwa. Mayai, kama yapo, huvunjwa katikati ya karai na kuvurugwa. Ndipo uyoga hurudi, tambi humiminwa juu, sosi ya soya huzungushwa pembeni mwa karai, na yote hugeuzwa kutoka chini kwenda juu kwa mwiko na uma kwa dakika 2. Garam masala hunyunyizwa mwishoni, karai likishaepuliwa, pamoja na ndimu na majani ya giligilani. Tangu karai kuwekwa motoni hadi sahani ya kwanza kujaa, robo saa haizidi sana.

Wanaotumia tambi za pakiti ndogo, zile ziivazo kwa dakika 2 au 3, wafahamu kwamba kikaratasi cha viungo kilichomo kina chumvi nyingi mno. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na pakiti moja yaweza kubeba nusu ya kiasi hicho au zaidi. Katika mapishi haya bizari zimekwisha kufanya kazi; kikaratasi kitupwe, au kitumike robo tu. Mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu apunguze na sosi ya soya pia.

Neno moja kuhusu jiko la makaa, hasa wakati wa mvua, watu wanapopenda kupikia ndani. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Jiko lisiingizwe katika chumba kilichofungwa, na lisiachwe ndani ya hema au chumba cha kulala ili kutia joto usiku. Askari wengi wamefundishwa hivyo kambini. Wake zao na watoto wao hawakuwapo darasani.

Kisha kuna suala la sahani iliyofunikwa. Katika nyumba za watu wa zamu, desturi ni kumwekea aliye kazini fungu lake tangu magharibi, naye hulila alfajiri. Ni desturi ya upendo, lakini kwa tambi na wali ina hatari. Vimo vijidudu vinavyoishi katika vyakula vya wanga vilivyopikwa ambavyo huzaana upesi katika joto, na sumu vinayoitoa haiondoki hata chakula kikipashwa moto tena. Bila friji, chakula hiki kisizidi saa 2 baada ya kuepuliwa. Nafuu ni kwamba hakuna haja ya kukiweka. Fungu la aliye kazini libaki bichi: tambi kavu zilizopimwa, uyoga mkavu katika kikopo, kitunguu na karoti ambavyo havijamenywa, bizari zilizofungwa katika karatasi. Akibisha hodi saa kumi na moja alfajiri, aliyeamka kwanza huwasha jiko, na kabla hajamaliza kuvua viatu na kuoga, karai limeshaanza kunukia.

Maji yaliyolowekea uyoga mkavu yasimwagwe. Yachujwe kwa kitambaa ili mchanga ubaki, kisha yapikiwe dengu au maharage ya mchana huo huo.